Tovuti za vyuo zisiogope utani

Ndugu Mhariri,

Fungua tovuti za vyuo vikuu vyetu. Nyingi zitakupokea kwa picha ya mgeni rasmi akikata utepe, kisha mgeni rasmi huyohuyo akipokea ngao. Mimi ni mchora grafiki, picha hizo nazijua: zinaletwa usiku baada ya hafla, na agizo ni moja, sura ya mkubwa isikatwe.

Chuo kimoja, ambacho sitakitaja, kiliniomba mchoro wa ukurasa wa mbele kwa wiki ya mitihani. Nikachora herufi za jina la chuo zimepanga foleni mlangoni mwa maktaba. Moja imekumbatia chupa ya chai, nyingine inasinzia imeegemea nguzo, ya mwisho inakimbia na kandambili moja imeiacha njiani. Kamati ikarudisha kazi. Nembo isichezewe. Anayesinzia aondolewe, wazazi watasemaje? Na pembeni iwekwe picha ya Makamu Mkuu wa Chuo.

Nembo ya kwenye cheti haichezewi, hilo nakubali. Ila mchoro wa siku unakaa siku yake na kuondoka. Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin, ambao Google yao ilizaliwa Chuo Kikuu cha Stanford, walichomeka kikatuni cha mtu nyuma ya herufi "o" ya pili ya nembo yao kuwajulisha watu kwamba wamekwenda kwenye tamasha la Burning Man huko Nevada. Nani aliwadharau? Aprili mosi mwaka huohuo, watundu waliuvamia ukurasa wa mbele wa MIT, chuo cha teknolojia cha Marekani, wakatangaza kwamba chuo kimenunuliwa na Disney kwa dola bilioni 6.9, na kuba la chuo likaota masikio ya Mickey Mouse. (Vijana wetu wasijaribu; Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 haina utani.)

Vya kuchora tunavyo. Ukumbi wa Nkrumah wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulikuwa nyuma ya noti ya shilingi 500 hadi noti hiyo ilipoondolewa mwaka 2025, hata asiyefika Mlimani kaushika. Siku ya mahafali mpandishe tumbili kwenye paa lile, mvalishe joho. Aliyesoma pale zamani atacheka peke yake ofisini.

Tena mchoro wa mistari ni mwepesi, mara nyingi kilobaiti chache tu. Picha ya utepe ikipandishwa kama ilivyotoka kwenye kamera inamla bando kijana wa Kasulu anayetafuta tangazo la udahili. Maneno tu yasichorwe ndani ya picha, kwenye simu hayasomeki, na mchoro uambatane na maelezo mafupi ili programu inayomsomea asiyeona iwe na cha kusema.

Naomba vitengo vya uhusiano na TEHAMA vitoe siku moja kila muhula, wanafunzi washindane, mchoro wa mshindi uwekwe mbele pamoja na jina lake. Kamati ya kuupitisha isizidi watu watatu, na mmoja wao awe mwanafunzi.

Mchora grafiki,
Sinza, Dar es Salaam