Kabla hujailipia ile mitungi pacha

Nungwi, Unguja

Sahibu yangu wa tangu chuoni,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai wewe, shemeji na watoto mu wazima. Huku sote tu salama, isipokuwa Mzee Kobe, ambaye goti lake limeanza tena ugomvi wa kila mwaka. Uniwie radhi kwa kimya cha tangu Idi. Kilichonikalisha kitako ni habari yako kwamba yule mgeni anayehama Diani amekubali kukuuzia mitungi miwili pacha ya hewa ya kuzamia, ile inayofungwa pamoja mgongoni, nawe unataka kumlipa kabla ya mwisho wa mwezi. Naona unakwenda kununua dawa ya maradhi usiyoyaugua.

Nikusimulie yaliyonifika juma lililopita. Tulikuwa kwenye mwamba wa Leven Bank, maji ya bamvua, mkondo unavuta, nasi tumeshuka kiasi cha mita 28. Mgeni mmoja aliyekuwa akipumua haraka kuliko wenzake hakunionyesha kwamba hewa yake imeshuka chini ya bar 50 (bar ni kipimo cha shinikizo mtungini), na mara nikamwona anapitisha kiganja shingoni, ishara ya kwamba hewa imemwishia. Mwenzake alikuwa karibu naye kabisa, ana hewa ya kutosha na kipumulio cha akiba, kile tunachokiita pweza, lakini kilikuwa kimechomoka kwenye kibanio na kuning'inia nyuma ya mtungi. Alijizungusha mara mbili akikipapasa asikipate. Pweza wa mwambani hujificha, na huyu wa mpira naye, sijui nani kamfundisha! Nikampa mgeni kipumulio nilichokuwa navutia mwenyewe, chenye mpira wa hewa wa mita 2, nikatia mdomoni kile kinachokaa shingoni mwangu, tukapanda pamoja. Tulipofika chomboni tukaukuta mdomo wa yule pweza umejaa vipande vya matumbawe. Wallahi, usiku ule sikulala vizuri.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Mtungi wetu wa alumini wa lita 11, ukiujaza bar 200, una lita 2,200 za hewa. Mtu anayetumia lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, akifika mita 30 ambako shinikizo ni bar 4, hutumia lita 80, na akishikwa na hofu zinaweza kuwa mara mbili yake. Bar 50 zinazobaki ni lita 550, ambazo watu wawili wenye hofu hawazipumui kwa dakika mbili kamili katika kina hicho. Kwa hiyo sekunde za kumtafuta pweza zina thamani kuliko mtungi wa pili mgongoni.

Najua utanijibu kwamba mitungi pacha ina reguleta mbili, yaani vifaa vya kupunguza shinikizo la hewa ya mtungi ili ivutike, moja ikiharibika unaifunga na kuendelea na nyingine. Ni kweli, iwapo mkono wako unafika kwenye valvu zilizo nyuma ya kisogo, jambo ambalo bega lako lililovunjika pale uwanjani halitakuruhusu bila ya mazoezi marefu. Isitoshe, mzigo huo unapita kilo 30, na ngazi ya chombo chenu naikumbuka vizuri. Ilinitia aibu hata nikiwa na mtungi mmoja.

Ushauri wangu ni huu. Baki na mtungi mmoja, ufunge kipumulio kimoja shingoni kwa kamba nyembamba ya mpira, na kile cha kumpa mwenzako kiwe na mpira mrefu na kiwe ndicho unachovutia, maana hapo una hakika kwamba kinafanya kazi. Ukitaka akiba yako binafsi, tafuta mtungi mdogo wa lita 3 wenye reguleta yake: bar 200 ndani yake ni lita 600, ambazo zitamtoa mtu mmoja mwenye hofu mita 30 kwa mwendo wa mita 9 kwa dakika na kumwachia hewa kidogo ya kusimama mita 5 kabla ya kutoka majini. Usiihesabu hewa hiyo katika mbizi yako, tafadhali, nakujua. Risasi zako za kiunoni, zile za kukuzamisha, nazo zipime mtungi ukiwa umebaki bar 50, kwani alumini ikikaribia kuisha hewa hukuvuta juu.

Narudi kwa pweza, kwa kuwa hakuna kifaa kinachofaa kama mwenzako hajui kilipo. Je, huyo unayezama naye mmewahi kupeana hewa kwa mazoezi, hata mara moja, katika maji ya kiunoni? Mnakusudia kushuka mita ngapi? Mitungi hiyo ina muhuri wa kupimwa shinikizo ndani ya miaka 5, na valvu zake ni za kuskrubu au za kubana kwa klampu? Nani atakujazia huko? Shemeji anajua bei yake?

Na ile reguleta yangu niliyokuazima mwaka juzi, bado inatoa hewa, au nayo umeiahidi kwa mtu?

Nijibu kabla hujatoa fedha.

Wako,
Nahodha asiye na chombo