Sakafu ya mjusi wako

Mwanangu mpenzi,

Huo mfuko wa mchanga wa kalsiamu uliouziwa pamoja na mjusi wako mwenye ndevu (bearded dragon), tafadhali usiumwage kizimbani. Umeandikwa kwamba akiumeza unayeyuka tumboni. Ni chokaa tu hiyo, na mjusi mwenye upungufu wa madini huiramba kwa makusudi. Ikilowa hushikamana, na ikishikamana ndani ya utumbo huuziba. Wako bado ana miezi minne, anakamata nyenje kwa ulimi unaonata, na chochote kilicho chini ya nyenje huingia naye.

Kwa sasa mtandikie karatasi za kufutia jikoni, tabaka mbili au tatu. Hazipendezi, lakini zinakuonyesha kinyesi chake vizuri: kama ni laini mno, kama kina damu, kama siku zinapita hakuna kitu. Ukisharidhika kuwa tumbo liko sawa, weka vigae.

Kizimba cha sentimita 120 kwa 60 kinachukua vigae nane vya 30 kwa 30, ila pima ndani, si nje, kwani unene wa kuta huenda ukakulazimu kukata safu ya mwisho. Chagua vyenye uso wa mparuzo. Vinavyong'aa humtelezesha, na mjusi anayekua hapaswi kuhangaika na miguu kila siku. Tena ule mparuzo humpunguzia kucha. Usivigandishe kwa saruji, vilaze tu ili uweze kuvitoa na kuviosha. Mianya ya kando izibe kwa silikoni ya matangi ya samaki, uiache hadi harufu ya siki iishe kabisa. Nyenje wakipata ufa hujificha humo, na usiku hutoka kumng'ata akiwa amelala.

Sasa joto, maana hapa ndipo wengi hukosea wakabaki kuulaumu mchanga. Mjusi huyu hana joto lake mwenyewe. Asipoota vya kutosha, chakula hukaa tumboni bila kusagika, na hata nyenje wa kawaida wanaweza kumziba. Huko Leicester chumba hupoa sana wakati wa baridi, kwa hiyo pima juu ya kigae chenyewe, chini ya taa, kwa kipimajoto cha mionzi, kile cha kuelekeza bila kugusa: iwe nyuzi 40 hivi. Upande wa pili uwe kama 25. Jiwe la umeme la kupasha joto usiliweke, litamuunguza tumbo.

Akitimiza mwaka na afya ikiwa njema, unaweza kumpa udongo, na mimi ningependa umpe, kwa sababu anapenda kuchimba. Kwao ni bara la ndani la Australia, ambako ardhi kubwa ni udongo mgumu wenye mchanga, si mchanga mtupu. Changanya sehemu sita za udongo wa juu usio na mbolea na nne za mchanga uliooshwa. Lowesha, shindilia kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha acha taa ziwake siku kadhaa hadi ukauke kabisa kabla hajaingia. Ukikwaruza ukatoka vumbi, rudia. Chakula kiwe kwenye bakuli siku zote.

Akiwa jike, anaweza kutaga hata bila dume. Mwekee sanduku la mchanganyiko huohuo, lenye unyevu, kina cha sentimita 20 au zaidi, ambamo shimo halibomoki. Akikosa pa kuchimba anaweza kuyazuia mayai, na hilo huua.

Maganda ya jozi na vipande vya mierezi, hapana. Zulia nalo hunasa kucha.

Ukiona anajikamua bila kutoa kitu, hataki kula, au anaburuta miguu ya nyuma, mpeleke siku hiyohiyo kwa daktari anayetibu wanyama watambaao. Usimnyweshe mafuta kwa nguvu, yanaweza kuingia mapafuni.

Na vigae usivioshee kwenye sinki la jikoni. Mijusi hawa hubeba vijidudu vya salmonela hata wakiwa wazima. Tumia beseni lake, kisha nawa kwa sabuni.

Ukishapima joto la kigae, nitumie namba uliyoipata.

Mama yako