Mwanangu, uliza ni ukurasa gani

Mwanangu kipenzi,

Jana kwenye simu uliniuliza kama ni kweli sisi wanawake wa Kiyahudi hatuna wajibu kwenye zile amri zenye wakati wake, nami nikajibu "eeh" harakaharaka maana ugali ulikuwa unashika chini. Hilo jibu limeninyima usingizi, ndo maana nakuandikia kabla hujapanda ndege ya kwenda Yerusalemu.

Iko hivi. Kwenye Mishna, ule mkusanyo wa kale wa sheria zetu, kitabu cha Kidushini sura ya 1, imeandikwa wazi: amri ya kutenda inayoletwa na wakati, wanaume inawabana, wanawake wameachiliwa. Basi wengi wanaishia hapo. Hata mimi aliyenifundisha aliishia hapo, akafunga kitabu paa! kama hakimu. Miaka ikapita, siku moja nikakaa na Talmudi yenyewe mezani jikoni, ukurasa wa 34, Gemara (mjadala wa marabi juu ya Mishna) katikati, maelezo ya Rashi upande huu, ya Tosafoti upande ule, chai imepoa, nafuata mstari kwa kidole kama mtoto wa chekechea, na kumbe Gemara yenyewe ndo inaitoboa hiyo kanuni! Inauliza, mbona matza, mkate usio na chachu, ya usiku wa Pasaka ina wakati wake na mwanamke lazima aile? Na furaha ya sikukuu je? Alafu inageuka, mbona kusoma Taurati hakuna saa wala siku na bado mwanamke kaachiliwa? Mwishowe Rabi Yohanani anasema kanuni za jumla hazitegemewi, hata zile zilizokwisha kutajiwa vighairi vyake kwa neno "isipokuwa". Nilicheka peke yangu mpaka baba yako akaja kuangalia kuna nini.

Alafu kuna kitabu kingine cha Talmudi, Berakoti, ukurasa wa 20, hii naipenda sana. Kidushi, baraka ya kuitakasa Sabato, ya Ijumaa usiku ina wakati wake kabisa, si ndio? Lakini Kutoka inasema ikumbuke Sabato, Kumbukumbu la Torati inasema ishike Sabato, na marabi wakasema anayebanwa na kuishika anabanwa na kuikumbuka, na kuishika ni kuacha kazi, ambako mwanamke yumo kama mwanaume. Kwa hiyo Kidushi inatubana sisi pia, tena kwa Taurati yenyewe.

Ila usichanganye kuachiliwa na kukatazwa, wengi wanachanganya. Lulavi, tawi la mtende la Sukoti, sikukuu ya vibanda, hatubanwi nayo, tukitaka tunaichukua. Ubishi uko kwenye baraka: Rambamu (Maimonides) anasema asiyebanwa asitamke baraka, Rabenu Tamu, mjukuu wa Rashi, anasema atamke tu. Yosef Karo, mwandishi wa kitabu cha sheria ambacho Wasefaradi, Wayahudi wenye asili ya Hispania, wanakifuata, akamfuata Rambamu, Moshe Isserles wa Kraków, rabi wa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya kati na mashariki, akaandika kwamba desturi ya kwao ni kutamka. Ndo maana utakuta akina mama wawili wamesimama pamoja na matawi yaleyale mkononi, Mwashkenazi anabariki kwa sauti, Msefaradi kanyamaza, na wote wawili wana ukurasa wao. (Nyumbani tunabariki, unajua, bibi yako hajawahi kunyamaza kwa lolote.)

Ukifika huko mtu akikwambia "wanawake hawana haja", muulize kwa upole ni ukurasa gani, alafu ukifungua soma mpaka nyuma ya karatasi, mara nyingi jibu liko huko.

Sweta ya kijivu nimeiweka juu kabisa ya begi. Yerusalemu iko mlimani, usiku baridi yake si mchezo.

Mama