Barua kwa rafiki aliyefungua ofisi ya udalali Buswelu

Pasiansi,
Mwanza.

Mpendwa rafiki yangu Masanja,

Nakusalimu kwa heshima, nikitumaini kuwa wewe, shemeji na watoto hamjambo. Sisi huku tu wazima. Barua yako nimeipata, na swali lako la namna ya kupata wateja wapya tangu ufungue ofisi ya udalali wa nyumba na viwanja nimelifikiria kwa muda, kwa sababu sikutaka kukujibu juujuu.

Umeniandikia kwamba umebandika matangazo kwenye nguzo kuanzia Nyakato hadi Kiseke, na kwamba wanaopiga simu ni wapangaji wanaotafuta chumba cha bei ya chini, ambao ukishawatembeza nyumba mbili tatu huwaoni tena. Sishangai. Mpangaji anatafuta nyumba, hatafuti dalali, na atamfuata yeyote mwenye nyumba inayomfaa. Mteja unayepaswa kumtafuta kwanza ni mwenye nyumba. Ukikabidhiwa nyumba chache nzuri na wamiliki wanaokuamini, wapangaji watakuja wenyewe, na hutalazimika kugombania mteja mmoja na madalali wengine watano ambao wote wana picha zile zile kwenye simu zao.

Wamiliki wa nyumba unazoziona zikiota huko Buswelu na Nyasaka, wengi hawaishi humo. Wamejenga wakiwa kazini Dar es Salaam, au migodini Geita, au wamehamishwa kikazi, na nyumba wamemwachia mdogo wao au mlinzi. Mtu wa namna hiyo ana shida ambayo hakuna tangazo linaloitaja: hajui nyumba yake ikoje leo. Mwambie kwamba utaipitia kila mwezi, utampigia picha paa, choo na uzio, utamweleza mpangaji analipa vipi, na kwamba bomba likipasuka utamtafuta fundi na kumtumia risiti. Mwanzoni malipo ya kazi hiyo yatakuwa madogo, pengine hayatatosha hata nauli, lakini mmiliki mmoja aliyeridhika huko mgodini ana wenzake wa zamu moja waliojenga Mwanza kama yeye, na maongezi yao ya chakula cha mchana ndiyo yatakayokuletea nyumba ya pili na ya tatu.

Utawapataje watu hao? Anza na wanaowajua. Muuza duka la vifaa vya ujenzi anajua nani ameanza kununua vigae, yaani nani anakaribia kumaliza nyumba. Fundi umeme na fundi bomba wanajua nyumba ipi itakuwa tupu mwezi ujao kabla mwenyewe hajatangaza. Kijana wa bodaboda anajua mtumishi gani mgeni amefikia gesti na anatafuta pa kuishi, jambo lenye uzito kwako kwa kuwa ofisi za Manispaa ya Ilemela ziko hapo hapo Buswelu. Hao wote wape ahadi moja ya kuwalipa kitu biashara ikifanikiwa, na uitimize siku ile ile. Mwenyekiti wa mtaa nenda ukajitambulishe kwake rasmi, kwani mmiliki wa mbali akisikia jina lako, huyo ndiye atakayemuuliza. Misiba na harusi za mtaa hudhuria kama jirani. Nakuomba tu usigawe kadi za biashara msibani. Nimewahi kuona mtu akifanya hivyo, na watu walitazamana kwa namna ambayo nisingependa watazamane kwa ajili yako.

Kuhusu ada ya kumtembeza mteja, ambayo umesema wenzako wanaitoza hata mteja asipopata nyumba, maoni yangu ni kwamba uiache. Kwa desturi dalali anapata kodi ya mwezi mmoja mambo yakikamilika, na hiyo inatosha. Anayelipa nauli na ada, kisha akaonyeshwa nyumba ambayo ilishapangishwa, hurudi kwa wenzake na kuwaonya kwa jina lako. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino pale Malimbe hupeana habari za namna hiyo upesi kuliko tangazo lolote.

Badala yake, fanya kazi ambayo wengine hawaifanyi kabla ya kumwonyesha mtu nyumba. Panda mpaka mlangoni kwa miguu yako ujue kama gari linafika au linaishia kwenye mawe. Fungua bomba, kwa kuwa kwenye milima yetu hii nyumba yaweza kutazama ziwa zima na bado wenyeji wakabeba ndoo. Kisha simama mbele ya mita ya LUKU, yaani ya umeme unaolipiwa kabla ya kutumika, uulize mambo matatu: inatumiwa na familia ngapi, ina deni linalokatwa kila umeme unaponunuliwa, na nani anabeba kodi ya majengo, ambayo tangu 2021 hukatwa humo humo kwenye manunuzi ya umeme. Kodi hiyo ni wajibu wa mwenye nyumba, ila mnunuzi wa umeme ni mpangaji, na fedha ambayo ni ndogo sana kwa mwezi imevunja uhusiano wa watu wengi. Ukiwakalisha mapema wakakubaliana irudishwe kwenye pango, na ukaliandika hilo katika mkataba, utakuwa umewaondolea ugomvi ambao hata hawajaanza kuugombana. Vivyo hivyo kwa mita ya pamoja: mmoja ana friji, mwingine anapiga pasi kila asubuhi, wa tatu ana taa mbili, na wote wanachangishwa sawa. Mwambie mwenye nyumba wazi kwamba nyumba yenye mita ndogo kwa kila mpangaji hukaa na watu muda mrefu zaidi. Atakusikiliza, kwa maana unazungumzia fedha zake.

Upande wa viwanja unataka uangalifu zaidi, na huko ndiko jina la dalali hujengwa au huzikwa. Watu watakuletea viwanja vya ufukweni, Luchelele na Igombe, vyenye mandhari ya kumfanya mnunuzi asahau kuuliza. Wewe usisahau: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inazuia shughuli za kudumu za binadamu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Chukua tepu upime mbele ya mnunuzi, ukikumbuka jinsi maji yalivyopanda mwaka 2020. Aidha, tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 na safari ya Sengerema na Geita ikaacha kungoja kivuko, wengi wanaulizia ardhi ya upande wa Usagara na Kigongo. Pale ambapo ardhi ni ya kijiji, halmashauri ya kijiji lazima ihusike, hata kama muuzaji anaapa kwamba shamba ni la babu yake. Kwa kiwanja chenye hati, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati, yaani uhakikishe kwenye kumbukumbu zake mmiliki ni nani, kabla hujapokea hata shilingi. Kama ni nyumba ya familia, kaa na mke na mume kwa pamoja, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haimruhusu mmoja kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake; na kama mwenyewe amefariki, muulizie msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Utapoteza biashara kadhaa kwa kuuliza maswali hayo. Walioondoka kwa hasira wakiulizwa, mara nyingi walikuwa na sababu.

Makundi ya WhatsApp yatumie, lakini weka nyumba ulizokabidhiwa tu, pamoja na bei halisi, na uifute picha siku nyumba inapopata mtu.

Jambo linalonihangaisha katika barua yako ni kwamba hukutaja mkataba wowote kati yako na wenye nyumba. Andika rasimu yenye kurasa mbili, ikionyesha kazi zako, malipo yako, muda wa makubaliano na namna ya kuyavunja, kisha unitumie. Nitaisoma na kuirudisha kabla vyuo havijafunguliwa, ili wanafunzi wakianza kuja uwe na nyumba ulizokabidhiwa kwa maandishi. Msalimie sana shemeji, na umwambie wale sato aliotuahidi bado tunawasubiri.

Rafiki yako,
Kulwa.