Barua kwa Mjomba: Silaha za Baghdad na Chapa ya Iran

Columbus, Ohio
4 Machi 2007

Mjomba wangu mpendwa,

Assalaam alaykum, na shikamoo. Ama baada ya salamu, sisi huku ni wazima, alhamdulillahi. Barua yako imenifikia, na swali lako, kama ni kweli Wamarekani wamepata ushahidi kwamba Iran inawapa silaha waasi wa Iraq, nimelifikiria sana, kwa kuwa najua huulizi kwa kupenda siasa tu. Salim yuko Dubai, na vita vikiingia Ghuba, bandari anayofanyia kazi haiko mbali na Mlango wa Hormuz. Acha nikueleze niliyoyasoma na namna ninavyoyapima.

Tarehe 11 Februari maafisa wa Marekani waliwaita waandishi wa habari mjini Baghdad na kuwaonyesha mabaki ya mabomu na makombora yaliyopangwa mezani. Masharti yalikuwa mawili: maafisa wenyewe wasitajwe majina, na kamera na vinasa sauti visiingie. Wakaeleza kwamba kuna bomu la kutegwa barabarani lenye sahani ya shaba, ambayo mlipuko huigeuza kuwa donge linalokwenda kwa kasi kubwa mno na kutoboa magari ya deraya. Kwamba bomu hilo limeua zaidi ya wanajeshi 170 wa muungano unaoongozwa na Marekani na kujeruhi zaidi ya 620 tangu Juni 2004. Na kwamba kikosi cha Quds cha Walinzi wa Mapinduzi wa Iran ndicho kinachowapelekea wanamgambo wa Kishia, kwa amri ya ngazi za juu kabisa za serikali ya Tehran. Iran imekana.

Ukiyasikiliza kwa haraka, Mjomba, unadhani umeambiwa jambo moja, kumbe umeambiwa matatu. La kwanza ni kwamba vyuma hivi vimetengenezwa Iran; la pili, kwamba ni watu wa dola ya Iran waliovivusha mpaka; la tatu, kwamba wakuu wa dola hiyo ndio walioamuru. Lile lililowekwa mezani, hata tukilikubali lote, linathibitisha la kwanza tu. Panga tunalonunua Marikiti lina chapa ya China, lakini likitumika katika mauaji hakuna askari anayekwenda kugonga mlango wa balozi wa China. Mpaka wa Iraq na Iran una urefu wa zaidi ya kilomita 1,400, na walanguzi wameuvuka tangu enzi za Saddam.

Wala si mimi peke yangu ninayeona pengo hilo. Siku iliyofuata, Jenerali Peter Pace, mwenyekiti wa wakuu wa majeshi ya Marekani, aliulizwa akiwa ziarani Australia, akajibu kwamba vitu vilivyotengenezwa Iran vinatumika Iraq, lakini kwa anayoyajua yeye hawezi kusema kuwa serikali ya Iran inahusika au inafahamu waziwazi. Huyo ndiye mwanajeshi mkuu kuliko wote nchini humu! Tarehe 14 Rais Bush naye akasema ana hakika kuhusu Quds, lakini hawajui kama viongozi wa juu ndio waliotoa amri. Kwa hiyo neno zito kuliko yote, lile la ngazi za juu kabisa, lilidumu siku tatu tu, na walilitamka watu ambao mpaka leo hawana majina.

Wako wanaoshuku kwa hoja nyepesi. Wanasema makombora yaliyoonyeshwa yalikuwa na maandishi ya Kiingereza na mwaka wa kalenda ya Kizungu, basi ni ya kughushi. Mimi hoja hiyo siitegemei, kwa maana kiwanda chochote kinachouza silaha nje kinaweza kuziandika hivyo. Wala sisemi kwamba Iran haina mkono Iraq. Itakosaje, wakati chama cha Abdul Aziz al-Hakim, kiongozi wa Kishia wa Iraq, ambaye Bush alimpokea Ikulu ya Washington Desemba iliyopita, kililelewa Iran tangu miaka ya 1980 pamoja na jeshi lake la Badr? Mwezi uleule wa Desemba askari wa Marekani waliwakamata Wairani ndani ya makazi ya al-Hakim huyohuyo. Marafiki wa Iran ndio waliomo serikalini Baghdad, na ndio Wamarekani wanaowalinda. Waasi wa Kisunni, ambao wamewaua Wamarekani wengi zaidi, wanaichukia Iran kwa dhati. Na waliokufa kwa bomu hilo la sahani, ukilinganisha na Wamarekani zaidi ya 3,000 waliokwisha kufa tangu 2003, ni sehemu ndogo ya msiba wenyewe.

Silaha nyingine zilitoka wapi, basi? Hapa ndipo ninapokasirika kidogo. Iraq ilikuwa ghala la silaha kabla Mmarekani hajaingia, na baada ya Saddam kuanguka maghala yakaachwa bila ulinzi. Mwaka 2004 dunia iliambiwa kwamba takriban tani 340 za baruti kali, ambazo wakaguzi wa nyuklia wa Umoja wa Mataifa walikuwa wamezitia lakiri, zimetoweka katika ghala la Al Qaqaa, kusini ya Baghdad. Oktoba iliyopita mkaguzi mkuu wa fedha za ujenzi wa Iraq, aliyewekwa na Marekani yenyewe, aliripoti kwamba kati ya silaha zaidi ya 370,000 ambazo Marekani iliwanunulia askari wa Iraq, ni chache mno ambazo nambari zake ziliandikwa, na takriban 14,000 hazijulikani ziliko. Serikali isiyojua bunduki zake yenyewe zimeangukia mikono ya nani inatwambia kwa yakini bomu la mwenzake lilipita mikono gani.

Tena historia yao katika jambo hili si nzuri. Colin Powell, waziri wao wa mambo ya nje wa wakati ule, unamkumbuka mwenyewe, tarehe 5 Februari 2003 mbele ya Umoja wa Mataifa, na picha zake za maabara za silaha za Saddam za kwenye malori, ambazo hazikuonekana kamwe. Lakini kabla yake kuna Vietnam: mwaka 1965 serikali ilitoa waraka kuonyesha kwamba waasi wa kusini wanalishwa silaha na Wakomunisti wa nje, na mwandishi mmoja, I. F. Stone, akazihesabu silaha zilizoorodheshwa mwishoni mwa waraka huohuo akapata 179, akazilinganisha na zile 7,500 ambazo Pentagon, wizara ya ulinzi, ilisema zimetekwa katika kipindi kilekile. Hazikufika asilimia 2.5. Mwaka 1981 ukatoka waraka mwingine wa kudai kwamba Wakomunisti wanawapa silaha waasi wa El Salvador, nao ukaihusisha hata Ethiopia. Baada ya miezi michache aliyeuandaa akakiri kwa gazeti kwamba baadhi ya sehemu zilipotosha na zilitiwa chumvi.

Huko kwetu hali ndiyo hiyohiyo. Majirani zangu Wasomali, ambao mji huu umejaa, wanacheka kwa uchungu wakikumbuka ripoti ya wachunguzi wa Umoja wa Mataifa ya Novemba iliyopita, iliyosema kwamba wapiganaji 720 wa Mahakama za Kiislamu walipelekwa Lebanon kuisaidia Hezbollah, na kwamba kuna Wairani waliokwenda Dusamareb, katikati ya Somalia, kutafuta urani. Watu 720 katika nchi ambayo kila ukoo unajua mtoto wake yuko wapi, na hakuna mama aliyesikika akilia! Mwezi uliofuata, Desemba, majeshi ya Ethiopia yakaingia Mogadishu.

Kuhusu Salim, nisingemshauri avunje mkataba. Manowari ya pili ya kubebea ndege imeongezwa huko na maneno ni makali, lakini safari hii Bunge la hapa limebadilika mikono, limekwenda kwa wapinzani wa Bush, na magazeti yaliyoaibika mwaka 2003 yanauliza maswali mapema. Asafiri na pasipoti yake mwenyewe mkononi, asiiache kwa tajiri.

Mimi nawatazama wale Wairani watano waliokamatwa na askari wa Marekani huko Erbil, kaskazini ya Iraq, tarehe 11 Januari. Ikiwa ni watu wa Quds kama inavyodaiwa, na wana hati na fedha na majina ya waliowapokea, wafikishwe mbele ya hakimu na hati hizo zisomwe hadharani, na maafisa wa mezani wajitaje. Siku hiyo ikifika nitakuandikia tena, hata kama itabidi nikwambie kwamba safari hii wamesema kweli.

Wasalimie nyumbani kote, na shangazi umwambie dawa zake zimetumwa.

Ni mimi mpwa wako,
Abdalla