Wapima ardhi tuache kununua kompyuta kwa kuangalia stika

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako. Mimi ni mpima ardhi hapa Mwanza, kampuni yetu ina watu sita tu na kazi zetu nyingi ni urasimishaji wa makazi, na kinachoniuma ni hivi tunavyonunua kompyuta za kuchorea ramani, maana hela inapotea halafu mwananchi aliyechangia kupimiwa kiwanja chake ndio anakaa anasubiri ramani miezi na miezi.

Mwaka juzi tulinunua mashine tatu za used kwa mpigo. Muuzaji akatuambia hizi ni i7, hazitawasumbua, na kweli stika ya i7, daraja la prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel lililo juu ya i5, ipo pale mbele. Kufika ofisini kijana wetu anaangalia jina lote la prosesa anakuta i7-4770, yaani jenaresheni ya nne, kitu cha mwaka 2013 chenye viini (core) vinne vya kufanyia kazi, wakati i5-12400 ya juzijuzi ina viini sita na inaiacha mbali sana ingawa ni i5. Na sio spidi tu, Windows 11 rasmi inataka prosesa ya Intel kuanzia jenaresheni ya nane, na Windows 10 Microsoft wameacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hata hazijarudisha hela yake tayari zimeshapitwa. Sisemi used ni mbaya jamani, kuna kompyuta za kazi nzito kama Dell Precision na HP Z zilizotumika maofisini huko Ulaya ni ngumu kweli kweli, ila soma namba yote.

Sasa shida kubwa zaidi ilikuwa RAM, ile kumbukumbu ambayo kompyuta inafanyia kazi. Zilikuja na GB 8 na hard disk ya zamani ile ya kuzunguka. Tukarusha droni kwenye mtaa mmoja wa kule juu kwenye mawe, wanaoijua Mwanza wanaelewa nyumba zinavyobanana huko, tukarudi na picha kama 600, tukaziingiza kwenye programu ya OpenDroneMap ziunganishwe ziwe ramani moja tukaenda kulala, asubuhi tunakuta programu imejifunga RAM imeisha, tukarudia, ikajifunga tena, mwisho tukawa tunakata eneo vipande vipande tunaunganisha kimoja kimoja na wiki ikaisha hivyo. Baadaye ndio tunasoma maelekezo ya wenye programu yenyewe, wameandika picha 250 zinataka kama GB 16, picha 500 GB 32, na 1,500 GB 64. Yaani jibu lilikuwepo tangu mwanzo bure, hatukusoma.

Kwa hiyo mimi kwa kampuni ndogo nasema hela ya kwanza iende kwenye RAM, GB 16 ndio pa kuanzia na kama una droni usishuke chini ya 32, na ukinunua laptopu uliza kama RAM inaongezeka maana nyingine imegandishwa kwenye bodi hutaigusa tena. Halafu SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka. Picha moja ya setilaiti ya Sentinel-2 ni eneo la kama kilomita 100 kwa 100 na inakaribia GB 1, kwenye hard disk kila ukisogeza ramani unasubiri, ukiweka SSD ni kama umebadilisha mashine nzima.

Kadi ya grafiksi ndio watu wanaingizwa mjini. Jamaa yangu mmoja mwenye kampuni kama yetu alinunua mashine ya gemu kwa hela nyingi, kadi kubwa, RAM GB 8, na kazi yake yote ni kwenye QGIS, programu ya ramani, kuchora mipaka ya viwanja na kupanga michoro, kazi ambayo hiyo kadi haiigusi sana. Ukiwa na Metashape, programu ya kuunganisha picha za droni, hapo sawa, inaitumia vizuri kujenga modeli, na ArcGIS Pro, programu nyingine ya ramani, nayo inaitumia hasa kwenye 3D, lakini kama hufanyi hayo hiyo hela nunua monita ya pili, ramani huku jedwali la viwanja kule, vijana wangu sasa hawataki kurudi kwenye skrini moja.

Na UPS jamani, ile betri ya akiba ya kompyuta. Tulipoteza kazi ya siku mbili umeme ulipokatika ghafla katikati ya kuhifadhi faili. UPS haikupi saa nzima, inakupa dakika chache za kuhifadhi na kuzima, ndicho tunachotaka. Pamoja na diski ya nje ya kuweka nakala za kazi, na ya pili ikae nyumbani kwa mtu sio ofisini.

Pia tusiisingizie mashine kila kitu. Kuna watu wanafungua projekti nzima moja kwa moja kwenye flashi halafu wanalalamika QGIS nzito, wengine shepufaili (shapefile, aina ya faili la ramani) imegonga GB 2 ambayo ndio mwisho wake wakati GeoPackage, aina nyingine ya faili isiyobanwa hivyo, ipo. Othofoto, ile picha kubwa ya ramani iliyounganishwa, usiyoijengea piramidi (nakala zake ndogo za kufungulia haraka) itakusumbua hata kwenye kompyuta mpya.

Ombi langu kwako Mhariri, ukurasa wenu wa teknolojia mnaandika sana simu mpya, tuandikieni na kompyuta za kazi, wapima, wachoraji na wahasibu tunazihitaji. Na kwa wenye kampuni wenzangu, kabla hujatoa hela chukua kazi yako halisi, ile nzito kuliko zote, iweke kwenye diski nenda nayo dukani na QGIS yako, mwombe muuzaji uifungue pale pale huku Task Manager, ile ya Windows inayoonyesha matumizi ya RAM, iko wazi uone RAM inapanda mpaka wapi. Mashine ya mwisho tumeinunua hivyo, tulikaa dukani saa nzima na muuzaji hakukataa.

Mpima ardhi,
Mwanza