Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Kumbukumbu za Kona

Ndugu wanachama,

Shikamooni wazee wetu. Na wengine wote, poleni kwa baridi na poleni kwa safari. Najua wapo waliotoka mbali hadi kufika Detroit asubuhi hii.

Katiba inanitaka nieleze mwaka ulivyokwenda. Mambo ya kawaida nayamaliza upesi. Mikutano yote imefanyika, isipokuwa ule wa Februari ulioahirishwa kwa sababu ya theluji. Mfuko wa misiba umetumika mara mbili, na mara zote mbili mlichanga bila kusukumwa. Darasa la Kiswahili la watoto linaendelea kila Jumamosi, ila walimu wamechoka na wanahitaji wenzao. Hesabu atazisoma mweka hazina mwenyewe baada ya chai.

Muda uliobaki nauomba kwa jambo moja, kwa sababu ndilo lililochukua nguvu za Umoja wetu kuliko yote: kukusanya kumbukumbu za wanachama kuhusu uwanja wa zamani wa besiboli, Tiger Stadium.

Mtakumbuka kazi hii ilivyoanza. Katika mkutano mkuu uliopita, kijana mmoja aliyezaliwa hapahapa aliuliza kwa nini wazee wakielekeza njia husema, "Ukifika Kona, pinda kulia," na yeye akifika haoni Kona yoyote, anaona njia panda kama njia panda nyingine. Ukumbi ulicheka. Mimi sikucheka. Nilitazama safu ya mbele walipokaa wazee, nikajiuliza ni wangapi kati yao wamewahi kuulizwa na watoto wao walikuwa wakienda wapi jioni za Jumamosi miaka ile.

Kwa faida ya vijana: Kona ni pale barabara ya Michigan inapokutana na Trumbull, mtaa wa Corktown. Wenyeji wa mji huu waliuita uwanja kwa jina hilo kabla yetu, nasi tukalichukua. Besiboli ilianza kuchezwa pale mwaka 1896. Uwanja wa zege na chuma ulifunguliwa tarehe 20 Aprili 1912, ukiitwa Navin, kwa jina la mwenye timu. Baadaye ukaitwa Briggs, kwa jina la mwenye timu mwingine, na tangu 1961 ukawa Tiger Stadium. Timu ya Detroit Tigers ilicheza pale hadi Septemba 1999. Walioukuta wakati wa mwisho wanakumbuka kuta nyeupe kwa nje, na ndani watu zaidi ya 50,000 waliobanana ghorofa mbili kuuzunguka uwanja pande zote.

Ulikuwa uwanja wenye tabia zake. Upande wa kulia, ghorofa ya juu ilijitokeza mbele futi 10 kupita ya chini, basi mchezaji alisimama ameinua mkono kuungoja mpira, na mpira ukaishia kwa watazamaji juu ya kichwa chake. Katikati, ukuta ulikuwa futi 440 kutoka kwa mpigaji, karibu mita 134. Na mlingoti wa bendera, wenye urefu wa futi 125, ulisimama ndani ya eneo la kuchezea. Mpira ukiugonga, mchezo unaendelea.

Kisha kulikuwa na nguzo. Ghorofa ya juu ilibebwa na nguzo za chuma zilizopita katikati ya viti, na tiketi za nyuma ya nguzo ndizo zilizokuwa rahisi. Ndizo tulizonunua. Mwanachama wetu mmoja alisimulia jinsi yeye na kaka yake, wote wafanyakazi wa kiwanda cha magari, walivyokaa nyuma ya nguzo moja msimu mzima. Mmoja aliegemea kushoto akimtazama mrushaji, mwingine kulia akimtazama mpigaji, wakawa wanasimuliana. "Anarusha." "Amekosa." Kaka yake amekwisha kufariki. Mzee aliposimulia alikuwa akiegemea kushoto kwenye kiti chake, sebuleni kwake, bila kujua.

Nawaambia ukweli, nilipoanza kazi hii nilidhani tutapata habari za mabao na vikombe. Zipo. Wapo wawili walioona ubingwa wa 1984 kwa macho yao, usiku ule Kirk Gibson, mchezaji wa Tigers, alipoupiga mpira hadi ghorofa ya juu. Lakini wengi walizungumza juu ya kukaa. Mgeni katika mji huu anaulizwa maswali kutwa: kazini, benki, hospitali, dukani. Pale uwanjani alikaa saa tatu karibu na mtu asiyemjua, na swali pekee aliloulizwa ni, "Umeona ile?" Wanachama wanne walinieleza jambo hili, kila mmoja kwa maneno yake, na hawakuwa wamekaa pamoja.

Mmoja alifika hapa kama mwanafunzi, na majira ya joto ya 1976 alipelekwa uwanjani na mwenzake wa bweni. Hakujua sheria hata moja. Aliyekuwa akirusha ni kijana Mark Fidrych, mwenye nywele za kufunga masikio. Kabla ya kurusha alipiga magoti akaanza kulisawazisha tuta la udongo kwa viganja, na aliposimama akauongelesha mpira. "Nikasema, huyu namwelewa," alituambia. "Bibi yangu aliongea na jembe." Mchezo ulipokwisha watu walikataa kutoka. Waliita na kuita mpaka kijana akarudi kuwapungia.

Na redio. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mimi mwenyewe nimeyaona haya. Ernie Harwell alianza kutangaza mechi za Tigers mwaka 1960 na sauti yake ilikuwa katika kila gereji, kila kibaraza, kila kinyozi. Mpira ulipotoka nje ukadakwa na mtazamaji, Harwell alikuwa akisema umedakwa na bwana wa Ypsilanti, au wa Saginaw, au wa Kalamazoo. Hakuwa akiwajua, ulikuwa mzaha wake. Mzee mmoja wetu, mwenyeji wa Tanga kama mimi, aliamini kwa miaka miwili kwamba mtangazaji anawafahamu watu wote wa jimbo la Michigan kwa sura. Alinunua ramani, akaitandika juu ya meza ya jikoni, na kila mji uliotajwa akautia alama kwa kalamu nyekundu. Ramani hiyo tunayo. Ameikabidhi kwa Umoja, imetoboka kwenye mikunjo, na alama nyekundu zimeenea hadi juu kabisa kwenye maziwa. Itazameni wakati wa chai, ipo juu ya meza karibu na daftari la mahudhurio. Msiishike tafadhali.

Hatukutaka kukusanya utamu peke yake. Tulimwalika jirani yetu, Mmarekani Mweusi aliyezaliwa Detroit, na katibu akawa anatafsiri. Alisema baba yake hakukanyaga uwanja ule kwa miaka mingi. Jackie Robinson, mchezaji mweusi aliyevunja ubaguzi wa ligi kuu, aliingia mwaka 1947, lakini Tigers hawakuwa na mchezaji mweusi hadi Juni 1958, alipokuja Ozzie Virgil kutoka Jamhuri ya Dominika. Ni timu moja tu iliyochelewa kuliko wao. Akatusimulia pia Julai 1967, mji ulipowaka moto kwa ghasia na watu 43 wakafa. Willie Horton, mchezaji aliyekulia humuhumu Detroit, alitoka uwanjani akiwa bado na jezi, akaenda mtaani, akapanda juu ya gari kuwasihi watu warudi nyumbani. Hawakurudi. Mwaka uliofuata timu ilichukua ubingwa, na Horton ndiye aliyerusha mpira uliomzuia Lou Brock wa timu pinzani kufika kituo cha mwisho na kupata alama, katika mchezo wa tano wa fainali. Jirani yetu alisema baba yake alikwenda uwanjani kwa mara ya kwanza baada ya hapo, kwa ajili ya Horton. Nawashukuru vijana waliokaa kimya na kumsikiliza mpaka mwisho. Historia ya mji huu ni yetu pia, tukiishi ndani yake.

Sasa tarehe 28 Juni 1990. Hapa kila mtu alitaka kusema mara moja, ikabidi katibu agonge meza. Nelson Mandela alikuwa ametoka gerezani miezi minne tu, akazunguka miji ya Marekani, na alipofika Detroit jioni ile alihutubia Tiger Stadium. Watu karibu 49,000. Aretha Franklin alikuwepo, Stevie Wonder alikuwepo. Mandela aliwaambia watu wa Detroit kwamba kule gerezani muziki wao uliwafikia. Mwanachama wetu mmoja, sasa bibi wa wajukuu watano, alikwenda amejifunga kanga juu ya suruali, kwa sababu alisema hawezi kwenda kumwona mzee wa Afrika amevaa kama anakwenda zamu. Mama mmoja wa kiti cha jirani akamwuliza maandishi yale yanasema nini. Yalisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Akamtafsiria. Mama yule akalishika pindo la kanga, akaliangalia kwa muda, kisha akaomba aandikiwe maneno yale nyuma ya tiketi yake. Mara nyingi najiuliza kama karatasi ile ingalipo katika nyumba fulani ya mji huu.

Kanga yenyewe ilichanika zamani, ikawa ya kubebea watoto, kisha ya kufutia. Hivyo ndivyo kanga inavyotakiwa kutumika, wala hatukumlaumu.

Mechi ya mwisho ilichezwa tarehe 27 Septemba 1999, dhidi ya Kansas City. Mmoja wetu alikuwa akiuza vinywaji siku ile, anapanda na kushuka ngazi na sanduku kifuani. Raundi ya nane alikuwa amempa mteja chenji wakati Robert Fick alipoupiga mpira, besi zote, yaani vituo vya kukimbilia, zikiwa na wenzake, ukapaa hadi juu ya paa la kulia, ukagonga, ukarudi chini. Tigers walishinda 8 kwa 2. Mteja hakuchukua chenji yake. Walikumbatiana, muuzaji na mteja, sanduku katikati yao.

Uwanja ulikaa mtupu karibu miaka tisa. Walikuwepo mashabiki waliopigania ubaki. Mwaka 1988 walishikana mikono wakauzunguka wote kwa kuukumbatia. Haikusaidia. Ubomoaji ulianza mwaka 2008 na kumalizika 2009.

Ndugu zangu, lipo jambo ambalo lazima niliseme mwenyewe kabla hamjaniuliza. Mzee wetu tuliyemzika Mei alikuwa amekubali kurekodiwa, nasi tulikwenda kwake. Alizungumza saa mbili. Tulipofika nyumbani tukakuta kinasa sauti kimenyamaza dakika ya kumi na moja, betri imekwisha. Nilikuwa nimekishika mimi. Tulipanga kurudi wiki iliyofuata, tukaahirisha kwa sababu ya harusi, tukaahirisha tena. Dakika kumi na moja ndizo tulizonazo. Familia yake imenisamehe, na nawaomba radhi nyinyi pia. Tangu siku ile kamati inakwenda na vinasa viwili na daftari.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba tulikodi basi dogo, tukawapeleka wazee Kona. Baada ya ubomoaji palikuwa pori la magugu, mpaka mwaka 2010 wenyeji wachache walipoingia na mashine zao za kukatia majani wakaanza kusafisha kwa hiari. Walifukuzwa, wakarudi, kwa miaka. Sasa pana kiwanja cha watoto kilichofunguliwa mwaka 2018, nyasi zake ni za plastiki. Wapo wanaosikitikia nyasi hizo na mimi ni mmojawapo, ingawa nilipowaona watoto wakikimbia juu yake sikuwa na la kusema. Kilichobaki cha zamani ni ule mlingoti. Mzee wa ramani alishuka kwenye basi kwa mkongojo, akaenda moja kwa moja, akauwekea kiganja. Akabaki hivyo. Mjukuu wake akaja akauweka mkono wake chini ya wa babu. Ndiye yule kijana aliyeuliza swali la Kona.

Hadi leo tumerekodi wanachama kumi na mmoja. Orodha ina majina saba zaidi, na watatu kati yao wamepita miaka themanini. Naomba mkutano uidhinishe fedha za kinasa sauti cha pili, ambacho hadi sasa ni cha kuazima. Naomba pia madereva wawili wa kujitolea kwa Jumapili mchana. Wa kwanza kwenye orodha ni Mama aliyeko Dearborn. Ametuma salamu kwamba anatungoja Jumapili hii saa nane mchana, amekwisha kutafuta tiketi zake ndani ya sanduku, na tusile kabla ya kwenda kwake.

Mwenyekiti wenu.